Saa ikae wapi? Njia tatu za kupanga volti kwa wakati kwenye pawa saplai

Kazi inayoingia sana kwenye karakana yetu hapa Gerezani ni vile vifaa vya GPS vinavyofungwa kwenye bajaji. Mteja anakuja na malalamiko yaleyale: kifaa kinajizima kila dereva anapopiga stata, kisha kinakaa kimya mpaka kichomolewe. Ukikiweka mezani na kukipa volti 12 zilizotulia, kinafanya kazi kutwa nzima. Ugonjwa hauonekani. Unaonekana pale tu umeme unapoyumba kama unavyoyumba ndani ya bajaji: betri imepumzika, stata inavuta, volti zinadondoka, injini inawaka, chaji inazipandisha tena.

Basi inabidi pawa saplai, mashine ya mezani inayotoa volti unazoiwekea, iambiwe: toa volti hizi kwa muda huu, kisha hizi kwa muda huu, kisha urudie. Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo akaniuliza, "Kaka, hii niipange kwenye mashine yenyewe, niandike programu kwenye kompyuta, au nitumie Arduino?" (Arduino ni bodi ndogo unayoiandikia programu.) Siku ile nilimjibu kwa haraka kwa sababu foleni ya wateja ilikuwa ndefu. Swali lake lilistahili zaidi ya pale, na najua mafundi na wanafunzi wengi hapa Dar wamekwama palepale.

Mfano nitakaoutumia ni huo wa bajaji: volti 12.6 kwa sekunde 60, volti 7 kwa nusu sekunde, volti 9.5 kwa sekunde 2, volti 14.2 kwa dakika 5, mara 50. Mzunguko mmoja ni sekunde 362.5, kwa hiyo kazi nzima ni saa tano na dakika mbili. Pembeni yake nitaweka kazi mbili nyingine ili mizani isielemee upande mmoja: kuiga paneli ya sola kuanzia alfajiri hadi magharibi, na kuchaji betri ya risasi hadi mkondo ushuke.

Vigezo vya kupimia

Anza na hatua fupi kuliko zote katika mfululizo wako. Siyo urefu wa kazi, ni ile hatua fupi. Mfululizo wa saa tano wenye hatua moja ya nusu sekunde ni kazi ya nusu sekunde.

Kisha hesabu hatua. Kuiga paneli kwa saa 12, ukibadilisha volti kila dakika, ni hatua 720. Bajaji ni hatua nne tu zinazorudiwa.

Tatu, jiulize kama mfululizo unajulikana wote kabla ya kuanza, au kuna mahali ambapo hatua inayofuata inategemea kipimo. Kuchaji betri ni kazi ya kipimo: hujui itachukua saa ngapi, unajua tu kwamba mkondo ukishuka hadi kiwango fulani, ndipo uhamie volti za kutunza chaji.

Nne, je, unahitaji vipimo viandikwe? Mteja anayetaka ripoti si sawa na fundi anayetaka kuona taa ikizimika.

Tano, nini kitatokea umeme ukikatika, kebo ikichomoka au kompyuta ikilala katikati ya kazi? Sita, gharama na ujuzi ulionao leo.

Vigezo vyote hivi vinarudi kwenye swali moja: saa ya kazi inashikwa na nani? Kuna pawa saplai, kuna kompyuta, kuna bodi ya pembeni. Anayeshika saa ndiye anayeamua usahihi wako, na ndiye ambaye akianguka, kazi inaanguka naye.

Njia ya kwanza: saa ndani ya pawa saplai

Pawa saplai nyingi zinazopangika zina sehemu ya kuandika orodha: hatua ya kwanza volti kadhaa, kikomo cha ampea kadhaa, sekunde kadhaa, hatua ya pili vivyo hivyo. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, mashine inajihesabia yenyewe. Huhitaji kebo wala programu.

Hatua fupi. Hapa ndipo mashine zinapotofautiana sana, na hapa ndipo watu wanaponunua bila kusoma. Rigol DP832, ambayo ni maarufu kwenye meza za mafundi, inahesabu muda kwa sekunde kamili, kuanzia sekunde 1. Nusu sekunde yetu ya stata haiingii, hata ufanyeje. Mashine za bei ya juu zina orodha inayoshuka hadi milisekunde, na kwa hizo kazi ya bajaji ni ya dakika tano kuiandika.

Idadi ya hatua. DP832 hiyohiyo inabeba hatua hadi 2048, kwa hiyo jua letu la hatua 720 linaingia bila kubanana. Siglent SPD3303X, ambayo kwa volti na ampea inakaribiana nayo, ina hatua tano tu kwa kila chaneli (tundu la kutolea umeme). Inatosha kwa mambo ya washa, subiri, zima. Kwa jua haitoshi. Ukiwa dukani, uliza idadi ya hatua na muda mfupi kuliko wote kabla ya kuuliza ampea.

Kuamua kwa kipimo. Haiwezi. Orodha ni orodha. Betri ikijaa mapema, mashine itaendelea kuisukumia mpaka muda uishe.

Kuandika vipimo. Kwa kawaida unaona namba kwenye skrini tu. Baadhi ya mashine zinaweza kuhifadhi kwenye kumbukumbu yake, ila usilitegemee hilo bila kulijaribu.

Kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika, kazi imekufa. Uzuri ni kwamba hakuna kitu cha pili kinachoendelea bila habari. Lakini chunguza mashine yako inaamkaje: nyingine zinaamka na matokeo (umeme unaotoka kwenye mashine) yamezimwa, nyingine zina mpangilio wa kurudi zilipokuwa. Izime ukutani kwa makusudi, uiwashe, uangalie. Na hifadhi orodha kwenye kumbukumbu ya kudumu kabla hujaanza, maana kuandika hatua 720 kwa kitufe cha kuzungusha mara moja kunatosha kumtia mtu uvivu. Mara mbili ni adhabu.

Inamfaa asiyeandika programu, mwenye hatua zinazoanzia sekunde moja kwenda juu, anayetaka kuacha kazi ikiendelea huku kompyuta ikifanya mengine.

Njia ya pili: saa kwenye kompyuta

Pawa saplai yenye USB au tundu la mtandao inasikiliza amri za maandishi. Lugha yake ni SCPI, iliyotolewa 1990, na ukishaijua kwenye mashine moja, hutapotea sana kwenye nyingine. Amri zenyewe ni fupi:

CURR 0.5
VOLT 12.6
OUTP ON
MEAS:CURR?

Ya kwanza inaweka kikomo cha mkondo, ya pili volti, ya tatu inafungua matokeo, ya nne inauliza mkondo unaopita sasa hivi. Zingatia mpangilio huo: kikomo kwanza, matokeo mwisho. Nimeona bodi ya mteja ikifuka moshi kwa sababu OUTP ON ilitangulia mstari mmoja tu juu. Watu wengi huandika programu kwa Python na PyVISA (nyongeza ya Python ya kuongea na mashine hizi), vyote vya bure, na wanafunzi wa DIT na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaofika kwetu huwa wanaijua Python tayari.

Hatua fupi. Kila amri ina safari yake: itoke kwenye kompyuta, isomwe, itekelezwe. Hesabu makumi ya milisekunde. Windows nayo, kwa kawaida yake ya zamani, inapiga saa zake kila milisekunde 15.6 hivi, kwa hiyo programu iliyoomba kulala milisekunde 10 inaweza kuamshwa imechelewa. Nusu sekunde inawezekana kabisa, ikiyumba kidogo. Milisekunde 20 usiahidi.

Hapa kuna kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya. Anaandika: weka volti, lala sekunde moja, weka volti, lala sekunde moja. Kila mzunguko unabeba ucheleweshaji wake, na ucheleweshaji unajumlishwa. Milisekunde 30 kwa hatua si kitu. Kwa hatua 10,000 ni sekunde 300, dakika tano nzima. Dawa yake: chukua saa ya mwanzo mara moja kwa time.monotonic, kisha kila hatua ipangiwe saa yake kamili kutoka pale mwanzo, na programu ilale kwa muda uliobaki tu. Hatua moja ikichelewa, inayofuata inajirekebisha.

Idadi ya hatua. Haina mwisho. Jua la hatua 720 ni mistari mitano ya programu, na kesho ukitaka siku yenye mawingu unabadilisha mstari mmoja.

Kuamua kwa kipimo. Hapa ndipo kompyuta inapong'ara. Betri ya risasi ya volti 12: ipe volti 14.4, soma mkondo kila sekunde kumi, ukishuka chini ya kiwango ulichoweka hamia volti 13.8. Njia ya kwanza haigusi hapa kabisa.

Kuandika vipimo. Kila hatua inaandikwa kwenye faili pamoja na saa, volti na mkondo. Mteja akibisha, unafungua faili.

Kukatika kwa umeme. Huu ndio upande unaoniuma, maana ulinikuta mwenyewe. Usiku mmoja nilikuwa nachaji betri ya ampea-saa 7, kompyuta ikishika saa. Kompyuta ilikuwa na mpangilio wa kulala baada ya dakika 30 bila kuguswa, na ikalala. Pawa saplai haikujua chochote. Ilishikilia amri ya mwisho iliyosikia, volti 14.4, mpaka asubuhi, na betri niliikuta ina joto ambalo mkono ulilihisi kabla ya kuigusa. Hiyo ndiyo tabia ya mashine hizi: ukimya wa kompyuta kwake si habari. Zima usingizi wa kompyuta, zima masasisho ya usiku, na kama mashine yako ina mlinzi anayekata matokeo pale mawasiliano yanapopotea, mwashe. Kinyume chake pia hutokea: umeme unakatika, kompyuta mpakato inaendelea kwa betri yake, na programu inahesabu hatua ambazo hakuna anayezitekeleza. Programu lazima isimame pale jibu lisiporudi. UPS ndogo kwa pawa saplai na kompyuta kwa pamoja inaondoa sehemu kubwa ya shida hii.

Inamfaa mwenye kazi inayoamua kwa vipimo, anayedaiwa ripoti, au mwenye mifululizo mingi inayobadilika kila wiki.

Kuna ndoa nzuri kati ya njia hizi mbili. Mashine zenye orodha ya ndani mara nyingi zinakubali orodha hiyo iandikwe kutoka kwenye kompyuta. Kwa lugha ya Keysight ni LIST:VOLT 12.6,7,9.5,14.2 halafu LIST:DWEL 60,0.5,2,300 halafu LIST:COUN 50. Kompyuta inaandika na kusoma vipimo. Saa inabaki ndani ya pawa saplai. Kila kampuni ina majina yake ya amri hizi, fungua kitabu cha mashine yako.

Kabla ya kulaumu saa

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo lililotupotezea wiki mbili, na halihusiani na nani anashika saa. Ukiiambia pawa saplai ishuke kutoka volti 12.6 hadi 7, haishuki kwa amri. Ina kapasita kwenye matokeo yake, na kapasita ile lazima imwage chaji. Pawa saplai nyingi za mezani zinaweza kusukuma mkondo tu, haziwezi kuuvuta kurudi. Anayemwaga chaji ni mzigo wako, yaani kifaa unachokilisha umeme.

Piga hesabu kwa kapasita ya maikrofaradi 470. Kifaa cha GPS kikivuta miliampea 60, kushuka volti 5.6 kunachukua milisekunde 44. Kifaa hichohicho kikiwa kimelala na kinavuta miliampea 5, kunachukua milisekunde 526. Yaani nusu sekunde yako imeisha kabla volti hazijafika 7! Skrini imeandika 7, programu imeandika 7, na kifaa hakikuiona hata mara moja. Tulikuwa tunawarudishia wateja vifaa tukisema ni vizima.

Dawa ya bei ndogo ni rezista ya ohm 100, wati 5, sambamba na mzigo. Kwa volti 14.2 inakula wati 2 hivi, itapata moto lakini inahimili, na kushuka kutoka 12.6 hadi 7 kunakuwa milisekunde 28 au chini. Thibitisha kwa oskiloskopu kwenye waya za mzigo. Multimita inachelewa mno kwa jambo hili.

Njia ya tatu: saa kwenye bodi ya pembeni

Arduino au ESP32, Kariakoo zimejaa. Bodi inaweza kutumika kwa namna mbili. Pawa saplai nyingine zina tundu la nyuma linalopokea volti ndogo, tuseme 0 hadi 5, na kuzigeuza kuwa volti kubwa za matokeo. Bodi inalisha tundu hilo kupitia kibadilishi kinachogeuza namba kuwa volti, kama MCP4725, chenye biti 12. Usitumie PWM tupu (umeme unaowashwa na kuzimwa haraka haraka kuiga volti ya kati): kwenye Arduino Uno inapiga mara 490 kwa sekunde katika pini nyingi, na usipoichuja vizuri mawimbi yake yatajitokeza kwenye matokeo.

Namna ya pili ndiyo ninayoipenda kwa kazi za stata. Chaneli mbili, kila moja na volti zake zisizobadilika, zinakutana kwenye mzigo kupitia diodi za Schottky, zinazopitisha umeme upande mmoja tu. Ile ya chini iko wazi muda wote. Ile ya juu inapita kwenye MOSFET, kifaa cha kielektroniki cha kupitisha au kukata umeme, inayofunguliwa na bodi. MOSFET ikifunga, mzigo unaangukia chaneli ya chini papo hapo, kwa kuwa ile kapasita kubwa ya pawa saplai imebaki nyuma ya diodi na haina njia ya kuufikia mzigo. Ongeza volti 0.4 hivi kwenye kila chaneli kufidia diodi.

Hatua fupi. Milisekunde moja bila jasho. Stata halisi inaangusha volti ndani ya milisekunde chache, na kati ya njia hizi tatu, hii ndiyo inayoliiga anguko hilo kwa pawa saplai ya kawaida.

Lakini hatua ndefu zina mtego. Arduino Uno inahesabu muda kwa rezoneta ya kauri ambayo inaweza kukosea hadi asilimia 0.5. Kwa nusu sekunde ni milisekunde 2.5, hakuna anayejali. Kwa siku nzima ni sekunde 432, zaidi ya dakika saba. Jua la saa 12 ukilipangia hapo, ongeza DS3231, chipu ya saa iliyo sahihi zaidi.

Idadi ya hatua na maamuzi. Unaweza kuandika mengi, na bodi inaweza kusoma mkondo kupitia kipimo cha nje. Usahihi wake lakini unautengeneza wewe, wakati pawa saplai tayari ina kipimo kilichosawazishwa kiwandani.

Kuandika vipimo. Mpaka uongeze kadi ya kumbukumbu au uunganishe na kompyuta.

Kukatika kwa umeme. Bodi inaamka na kuanza programu mwanzo, bila kuulizwa. Kwa kifaa cha GPS si neno. Kwa betri iliyofika katikati ya chaji ni hatari. Weka kitufe cha kuanza, ili bodi ikiamka isubiri mkono wa mtu. Weka pia rezista kwenye geti ya MOSFET (mguu unaopokea amri) ili bodi inapokuwa haijaamka, MOSFET iwe imefunga.

Gharama ya vipande ni ndogo kuliko njia zote. Gharama ya muda ni kubwa: kuchomea, kupima, kurekebisha. Inamfaa mwenye hatua za milisekunde, na mwanafunzi anayetaka kuelewa kinachotokea ndani.

Kwa hali yako

Kama unajaribu vifaa kwa kuviacha vikifanya kazi usiku kucha kwa hatua za dakika na una DP832 au mfano wake, andika orodha ndani ya mashine na uondoke. Kompyuta hapo inaongeza mahali pa kuharibika.

Kama unachaji betri, au kipimo kinaamua hatua inayofuata, nenda na kompyuta, ila weka ulinzi wa volti na kikomo cha mkondo kwenye pawa saplai yenyewe, ili hata programu ikikosea, mashine ikatae.

Kama una pawa saplai yenye hatua tano tu na unataka kuiga jua, kompyuta itaiongezea maisha. Huna haja ya kununua nyingine.

Kama mtaa wako umeme unakatika mara kwa mara na huna UPS, gawanya kazi ndefu katika vipande vya saa moja, kila kipande kikianza kwa mkono.

Na kama kazi yako ni ya bajaji kama yetu, sisi tunaifanya hivi. Chaneli ya kwanza iko 13.0, ya pili 7.4, diodi zinakula tofauti. Bodi inafunga MOSFET, volti zinaanguka kwa ukali unaotakiwa, kisha bodi inaipa kompyuta ishara kupitia USB. Nusu sekunde ikitimia, kompyuta inapandisha chaneli ya pili hadi 9.9 na ya kwanza hadi 14.6, na sekunde mbili baadaye bodi inafungua MOSFET tena. Kupanda huku kukichelewa milisekunde 30 hakubadilishi kitu. Kushuka kurudi mwanzo kunasubiri zile sekunde 60 za kupumzika, na kila chaneli ina rezista yake ya kumwaga kapasita kabla ya diodi. Mizunguko yote 50 inaandikwa kwenye faili, na kifaa kinachojizima sasa tunajua kilijizima kwenye mzunguko wa ngapi na kwa volti ngapi.